Fundi Asiyetaja Namba

3 Februari

Baba mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, mgongo haukusumbui, na ile cherehani ya kanyagio imeacha tabia yake ya kukata uzi. Mimi sijambo, kazi inaendelea, na ukiniona kwenye runinga bila shaka unaona bado natabasamu. Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu nikisikia sauti yako nitaanza kujieleza, na leo sitaki kujieleza.

Habari yenyewe ni hii: wanaondoa meza. Ile meza pana ninayokaa nyuma yake kila asubuhi inatupwa. Tarehe 2 Mei studio mpya inafunguliwa, na kuanzia siku hiyo wasomaji habari tutasimama, tuonekane kuanzia nywele mpaka viatu. Miaka sita nimesoma habari nikiwa nusu mtu, baba, na hiyo nusu haikumkera yeyote. Sasa meneja ameniita, akafunga mlango. Akasema nina sauti ambayo watu wanaiamini, ila kamera mpya hazina huruma, kwa hiyo nipunguze kilo kumi na tano kabla ya siku hiyo, la sivyo nirudi redioni. Alitamka "redioni" kama mtu anavyotamka "stoo".

Na yule mwandishi wa gazeti anayejiita Jicho Kali keshainusa. Jumapili ameandika: "Meza ikiondoka, je, skrini itatosha?" Ofisi nzima imesoma. Niliingia jikoni kuchukua chai, wote wakageuza maneno, wakaanza kuongelea sukari.

Nakuomba unishonee gauni la siku hiyo. Jeusi, refu, lisilo na mbwembwe. Vipimo nimeviandika kwenye karatasi ndogo humu ndani. Nimejipima mwenyewe. Usiniulize kitu.

Mwanao,
Binti yako wa tivii

12 Februari

Mwanangu,

Marahaba, na marahaba nyingine ya akiba. Mgongo upo, cherehani ipo, vyote viwili vinapiga kelele asubuhi. Hapa dukani ukianza kusoma habari kazi inasimama. Mkunga wa zahanati, yule mteja wangu mwenye kicheko cha kutikisa kabati, juzi alinizuia nisimalizie pindo lake mpaka useme kwaheri.

Karatasi yako nimeisoma mara tatu. Unanijua, namba ya mtu siitamki, na hapa sitaiandika. Lakini nikuulize kama fundi: hiki kiuno na huu mkono ni vya mtu mmoja? Kiuno umekipunguza, nyonga umezipunguza, ila mkono wa juu umeuacha vilevile ulivyoniletea mwaka jana. Mwili haupungui hivyo, mama. Ukipungua, mkono nao unapungua, na kifua, na hata shingo. Nimevisha watu miaka arobaini na huyu mwenye vipimo hivi sijawahi kukutana naye. Siku akiingia dukani nitatoka mbio.

Halafu jeusi la nini? Kuna msiba?

Omba ruhusa siku mbili, uje nyumbani nikupime mwenyewe. Gauni la siku kubwa halishonwi kwa kubahatisha.

Baba yako

21 Februari

Baba,

Shikamoo. Sijambo. Natumaini nawe hujambo.

Unipime mwenyewe? Kweli umesahau, au unajifanya?

Basi nikukumbushe. Nina miaka kumi na tatu, nahitaji sare ya shule, duka limejaa wazazi na watoto wao. Mama amekaa kwenye kigoda chake na daftari. Wewe unapima na kutangaza, yeye anaandika, ndivyo mlivyokuwa mkifanya kazi. Ukafika kiunoni kwangu. Ukataja namba kwa ile sauti yako ya kuita wateja, halafu ukacheka, ukasema, "Kitambaa hiki hakifiki, hapa itabidi tuongeze pazia!" Duka zima likavunjika mbavu. Wanafunzi wenzangu wanne walikuwemo. Mpaka namaliza shule niliitwa Pazia, baba. Walimu wawili nao waliniita Pazia.

Ndiyo maana tangu hapo najipima mwenyewe na kukuletea karatasi. Ulidhani ni kwa nini? Kwamba napenda hesabu? Nilipopata kazi ya kukaa nyuma ya meza nilimshukuru Mungu kwa ajili ya meza. Jicho Kali hakuanza yeye. Ulianza wewe.

Shona nilivyoandika. Nitaingia humo ndani hata kama itabidi nile hewa.

Binti yako

2 Machi

Mwanangu,

Nakusalimu kwa moyo wote. Barua yako nilianza kuisoma nimesimama, nikamalizia nimekaa.

Sijasahau. Nilitaka kuwachekesha wateja. Hiyo ndiyo sababu yote, hakuna nyingine, na najionea aibu kwamba ni ndogo hivyo. Usiku ule marehemu mama yako aliniwekea daftari mapajani, akasema, "Kuanzia kesho utaandika mwenyewe." Hakukaa tena kwenye kile kigoda mpaka anaingia kaburini. Nami tangu siku ile sijatamka namba ya mtu. Napima, nanyamaza, naandika, nafunga daftari. Watu wanadhani ni ustaarabu wa kazi. Kuna wanawake wanatoka mitaa ya mbali, wanasema, "Tumeambiwa wewe ndiye fundi asiyetaja namba." Wananisifu, mama, nami namezea. Kumbe ni adhabu niliyopewa na mke wangu.

Nisamehe. Ningekuambia neno hili miaka kumi na tisa iliyopita, lakini nilikuwa nikitaka kulisema nakukatia gauni jingine. Nilidhani ungelikuta ndani ya mshono. Ujinga wa mafundi huo.

Gauni nitalishona kwa vipimo ulivyoagiza, maana kazi ni yako na mwili ni wako. Ila rangi niachie mimi.

Baba yako, anayekuomba msamaha

30 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Nauliza si kwa desturi ya barua, nauliza kweli. Karibu mwezi sijapata jibu lako, na wiki mbili hizi nimekuona kwenye runinga mashavu yameingia ndani na macho yamechoka. Poda nyingi hainidanganyi, mimi ni fundi, kuficha kasoro ndiyo kazi yangu.

Nimeliona gazeti. Ile picha waliyokupiga kwa nyuma ukipanda ngazi, na namba ya kilo zako wameiandika kwa herufi kubwa kuliko jina la gazeti. Yule muuza magazeti wa hapa kona alikuja nayo anatabasamu, akitaka nione binti yangu amekuwa maarufu. Mkunga alikuwepo. Alilichukua gazeti, akalitazama, akamwambia, "Kijana, mimi na mwili huu nimezalisha nusu ya mtaa huu, pamoja na wewe. Ulikuwa mzito, na sikukutangaza." Akalipasua vipande vinne akafutia viatu.

Mimi sikucheka. Nilikaa nikajiuliza, ile namba wameipata wapi? Nani aliyeitaja?

Niandikie hata mstari mmoja.

Baba

13 Aprili

Baba yangu,

Shikamoo. Samahani kwa ukimya. Nilikusamehe palepale barua yako ilipofika kwenye kigoda cha mama, ila kila nikishika kalamu kukuambia nalia, na mtu anayesoma habari kesho hawezi kulia leo, macho yanavimba.

Umeuliza nani aliitaja. Meneja ameweka mzani kwenye korido, karibu na mlango wa studio. Kila Jumatatu wasomaji habari tunapanda, karani anasoma kwa sauti, halafu anaandika kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani. Anayepita anasoma. Mleta maji anasoma. Jicho Kali ana rafiki zake humu ndani, basi kazi yake ikawa rahisi.

Nimekula kabichi ya kuchemsha mwezi mzima. Nilipungua kilo tatu, mchana mmoja nikapata kizunguzungu kwenye ngazi, kama si dada anayetupaka poda kunidaka kwapani ningeshuka kwa kichwa. Akanipeleka chumbani kwake, akaninunulia mkate na mayai, akasimama mlangoni mpaka nikamaliza. Zile kilo tatu zimerudi zote. Zimekuja mbio kama zilikuwa zinanisubiri kituoni.

Nimechoka, baba. Naipenda kazi hii kuliko kitu chochote, unajua. Nilikuwa nasoma habari kwenye kioo cha dukani kwako nikiwa na miaka saba, nimeshika mkasi kama kipaza sauti. Lakini nimechoka kupandishwa kwenye mzani kama gunia. Tarehe 2 nitamwambia meneja narudi redioni. Gauni usilishone. Na kama umelikata, mpe mtu mwingine.

Binti yako

24 Aprili

Mwanangu,

Salamu nyingi, na ashukuriwe dada wa poda. Mwambie ana gauni lake kwangu, achague kitambaa.

Nawe usinikasirikie, gauni lilikuwa limekwisha. Liko humu kwenye kifurushi. Ni la manjano. Najua uliagiza jeusi. Jeusi nimekushonea tangu ukiwa na miaka kumi na tatu, nilikuwa nakuficha nikidhani nakulinda. Mimi sishoni tena jeusi la kukuficha. Siku nikifa, basi, vaa.

Sasa nisikilize vizuri. Kwa nje gauni ni la vipimo ulivyoandika, sawasawa, sikuongeza hata kidogo. Ukiligeuza ndani utaona mbavuni, kila upande, mshono wa uzi mwekundu. Huo mshono ni wa kushikilia tu. Ukivuta ncha yake unafumuka wote kwa mkupuo mmoja, na nyuma yake kuna mshono mwingine, wa manjano, nimeushona mara mbili, huo haufumuki hata upigane. Gauni hilo la pili ndilo lako. Vipimo vyake nimevipata kwako mwenyewe: mkono wa juu, ambao ulisahau kuudanganya. Fundi akipewa mkono mmoja wa kweli, mengine anayajua. Yaliyobaki niliyatoa kwenye runinga, kwa mabega yako, na kwa mama yako, ambaye umerithi umbo lake, nami nililipenda tangu siku ya kwanza niliyoliona.

Kuvuta au kutovuta ni juu yako. Redioni au kwenye runinga ni juu yako vilevile. Ila usiende kokote kwa sababu ya namba.

Nimeweka na mifuko. Mwanamke aliyesimama mbele ya watu anahitaji mahali pa kuweka mikono.

Baba yako, fundi

2 Mei

Baba! Baba yangu!

Shikamoo, na kama hujambo kaa chini haraka, maana najua uliona, lakini hukuona yote. Naandika mbio, utanisamehe mwandiko.

Nilikwenda nikiwa na barua ya kurudi redioni ndani ya mkoba. Nikasema, basi, nisome siku hii moja, niage kwa heshima. Na kwa ubishi wangu, unanijua, nikaapa nitaingia kwenye gauni bila kuvuta uzi. Dada wa poda akavuta zipu. Zipu ikafika katikati ya mgongo ikagoma. Nikabana pumzi, akavuta, ikagoma. Nikabana mpaka nikaona nyota. Zimebaki dakika tisa. Dada akasema, "Mdogo wangu, habari zinasomwa kwa pumzi. Utazisoma kwa pumzi ipi?"

Nikaingiza mkono ndani, nikashika ncha, nikavuta. Trrrrr! Kushoto. Trrrrr! Kulia. Gauni likashuka likanikaa, baba, hakuna nguo iliyowahi kunikaa hivyo. Dada wa poda akarudi nyuma hatua mbili akasema, "Lo! Kumbe ulikuwa na mgongo!" Nyuzi mbili nyekundu nimezitia mfukoni.

Nikatoka nikasimama. Hakuna meza. Habari za kwanza nikazisoma vizuri. Halafu ikafika sehemu ya magazeti, ile ninayoinua kurasa za mbele na kusoma vichwa vya habari. Gazeti la tatu ni lile la Jicho Kali. Ukurasa wa mbele, mimi: "LEO MEZA INAONDOKA: KILO 91 HEWANI". Kwenye kifaa cha sikioni namsikia meneja anasema, "Hilo liruke. Liruke!"

Miaka sita sijawahi kuruka gazeti. Nikaliinua, nikalisoma kwa sauti ileile ninayosomea bei ya mafuta. Nikasema: "Gazeti hili linaanza na habari ya uzito wa msomaji wenu, kwamba ni kilo tisini na moja. Habari hii ina kosa. Nimepanda mzani leo asubuhi, ni tisini na nne. Tunawaomba wenzetu wahakiki taarifa zao kabla ya kuchapisha." Nikafungua ndani. "Ukurasa wa tisa, chini kabisa, kwa herufi ndogo, gazeti hilohilo linaripoti kwamba wodi moja ya wazazi haina maji kwa siku ya nne. Tunaanza na hiyo." Nikaisoma yote, polepole, na mikono ndani ya mifuko yako.

Nilipomaliza kamera zikazimwa. Mpiga picha wa kamera ya pili akaanza kupiga makofi. Meneja akaingia na uso wa kufukuza mtu, amefungua mdomo, na kabla hajasema kitu dada wa mapokezi akaja nyuma yake anahema: simu zote zimejaa, wauguzi, walimu, madereva, wote wanampongeza msomaji, na wanawake hamsini na kitu wanauliza gauni lile limeshonwa na nani. Meneja akafunga mdomo. Akafungua tena. Akasema, "Kesho... saa ileile."

Nikamwambia nitakuja, ila mzani uondoke koridoni leo hii. Umeondoka. Karatasi ya ukutani dada wa poda kaibandua, ametandika kwenye droo yake ya vipodozi. Barua ya redioni nimeichana mwenyewe.

Nimeitaja, baba. Namba yangu. Nimeitaja mbele ya nchi nzima, na paa halikuanguka.

Binti yako, kilo tisini na nne

9 Mei

Mwanangu, mama yangu,

Marahaba mara elfu. Nimeona, nimesikia, na hapa dukani hapakuwa na pa kukanyaga. Walikuja kuangalia nguo ya manjano, nusu yao walijua ninaishona. Ulipolitaja lile kosa la gazeti, mkunga alipiga ukelele mpaka mbwa wa jirani wakajibu. Mimi sikulia. Uzi uliniingia jichoni, na kwa bahati mbaya uliniingia kwenye macho yote mawili.

Lakini ngoja nikuambie kilichofuata. Mkunga alikuwa na gauni la kupimwa. Akasimama katikati ya duka, akanyanyua mikono, akasema, "Fundi, leo usininong'oneze kwenye daftari. Sema!" Nikapima kifua. Nikafungua mdomo. Hakikutoka kitu, mama. Miaka kumi na tisa, ulimi umeota kutu. Akainamia futi akasoma mwenyewe, akaitangaza namba yake kama mtu aliyeshinda bahati nasibu, watu wakashangilia. Baada yake wakasimama wengine watatu. Kila mmoja alijisomea. Mimi nilikuwa naandika tu, natoa jasho.

Maji ya wodi yamerudi, mkunga anasema alizungumza na mwenzake wa huko. Wateja nimepata wengi kuliko mikono yangu, na wote wanataka mifuko. Nina furaha ambayo sijui niiweke wapi. Ila nalala nikikumbuka kwamba binti yangu ameweza kuisema mbele ya nchi nzima, na mimi bado siwezi ndani ya duka langu.

Baba yako

14 Mei

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima, nakula, nalala. Nimekukatia kipande hiki cha gazeti ucheke: ukurasa wa pili, kisanduku kidogo, "Masahihisho: Toleo la tarehe 2 Mei lilitaja kilo 91. Usahihi ni 94. Mhariri anaomba radhi." Dada wa poda ameibandika kwenye kioo chake.

Nimepata ruhusa. Nakuja Jumamosi kwa basi la asubuhi. Nataka gauni jingine, jekundu kama ule uzi, na safari hii sileti karatasi.

Usifunge mlango wala usishushe pazia. Mwambie mkunga aje, na wateja wote waje. Kitafute tena kile kigoda cha mama, kipanguse vumbi, na daftari liweke juu yake. Nitakaa hapo niandike wateja wako wote mpaka zamu yangu ifike. Ikifika nitampa mkunga kalamu, nitasimama, nitanyanyua mikono, nawe utanizungushia futi kiunoni.

Halafu utasoma, baba. Kwa ile sauti yako ya kuita wateja.

Mwanao,
Pazia